Mkufunzi Asiyetaja Siku

Mtu akimuuliza Mkufunzi, "Hii itaharibika lini?" alikuwa anakasirika kabla swali halijaisha. Swali lenyewe lilikuwa halali, maana ndiyo kazi aliyojulikana nayo: kutazama mashine ya umeme iliyo nzima na kusema kama ina maisha marefu au mafupi. Lakini siku hakutaja. "Anayetaja siku ni mpiga ramli," alisema. "Mimi nataja ngapi katika kumi." Maana yake ni kwamba mashine kumi kama hii, zikitumiwa hivi, katika baridi hii, saba zitakuwa zimekufa kabla ya mvua. Yako ni mojawapo ya hizo saba au ya zile tatu, hilo hakulijua wala hakujifanya kulijua.

Watu wa soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, walimcheka. Jirani wa kibanda changu cha kutengeneza redio, muuza vitenge, alimwambia mbele yangu, "Mkufunzi, mganga wa kwetu akikosea siku tunamdai kuku wetu. Wewe hutaji siku. Tutakudai vipi?"

"Ndiyo sababu sipokei kuku," akajibu, akachukua kofia yake akaondoka.

Mashine zake zilikuwa inveta. Inveta ni sanduku linalopokea umeme wa betri na kuutoa ukiwa umeme wa nyumbani, wa kuwasha taa kubwa au pampu. Miaka ya mwanzo ya sabini zilikuwa chache sana huku kwetu. Dizeli ilipoadimika na jenereta zikaanza kulala, wamisheni na vituo vya milimani wakazitafuta, na ndipo jina lake lilipotoka Mbeya likafika Iringa. Ndani ya inveta mna transista, vipande vya chuma vyenye ukubwa wa kizibo cha soda, ambavyo hukata na kuunga umeme kwa kasi isiyoonekana. Kazi hiyo huzitia joto, na joto ndilo lililokuwa somo lake la maisha.

Alifundisha kwenye karakana ndogo ya mafunzo Iyunga, kando ya barabara kuu. Mimi sikuwa mwanafunzi wake. Niliishia darasa la nane, na mengine niliyaokota mwenyewe vitabuni, nikikaa na kamusi. Nilikwenda kwake Jumamosi moja kuuliza kwa nini redio fulani ilikuwa inaunguza transista ileile kila nikiibadilisha. Hakunijibu. Aliniuliza maji huchemka kwa nyuzi ngapi za joto.

"Mia," nikasema.

"Umepima?"

"Nimesoma."

Akanipa sufuria, jiko la mkaa na kipimajoto, akarudi kwenye kazi yake. Maji yalichemka, yakaruka, yakamwagika motoni, na kipimajoto kikakataa kupita tisini na nne. Niliongeza mkaa. Nilipuliza. Kikabaki pale pale. Alipokuja alinikuta natoka jasho.

"Kitabu chako kimeandikwa na mtu anayekaa pwani," akasema. "Huku juu hewa ni nyembamba. Maji yanachemka mapema, na hewa hiyo hiyo nyembamba haibebi joto vizuri. Mashine iliyopimwa pwani ikija Mbeya inavaa koti ambalo fundi wake hakulihesabu."

Tangu hapo nilikwenda kila Jumamosi.

Sijamwona mtu mwingine aliyefundisha umeme kwa jembe. Nyuma ya karakana palikuwa na mtelemko, na hapo aliwachimbisha wanafunzi mifereji kama ile ya vinyungu, bustani za mabondeni. Chemchemi ilikuwa transista. Mfereji wa kwanza, mwembamba kabisa, ulikuwa lehemu inayoishika transista ndani ya kifuniko chake. Uliofuata ulikuwa grisi nyeupe, wa tatu bamba la alumini lenye mbavu, na mto wa chini ulikuwa hewa. Alifungulia maji, kisha akaziba mfereji mmoja kwa tope. Maji yalijaa nyuma ya tope hadi chemchemi yenyewe ikazama.

"Joto ni hivi hivi," alisema. "Halipotei. Linasubiri mlangoni. Niambieni milango ina upana gani, nami nitawaambia chemchemi itazama kiasi gani."

Na kweli aliweza. Alipima upana wa kila mlango, akafanya hesabu, akasema sanduku hili likifanya kazi hii litatulia kwenye nyuzi sabini na mbili. Tuliwasha, tukangoja, likatulia sabini na mbili au sabini na tatu. Mara ya kwanza kuona hivyo nywele zilinisimama.

Alikuwa mtu mgumu. Hakumwazima mtu bisibisi. Mwanafunzi aliyesema neno "bahati" ndani ya karakana alitolewa nje akafagie uwanja. Lakini yeye mwenyewe, basi likianza kushuka mtelemko wa Kitonga, alihama kutoka upande wa bondeni akaja kubanana na mtu upande wa mlima, kana kwamba uzito wake mmoja ungeliokoa basi. Nilimuuliza ngapi katika kumi. "Nyamaza," akaniambia.

Jambo jingine: alihubiri usiku na mchana kwamba mashine isizimwezimwe ovyo, lakini redio ya nyumbani kwake ilizimwa mara tu taarifa ya habari ikiisha. Mkewe alimtania kwamba anaogopa msomaji atachoka. Mahubiri hayo yalikuwa na sababu. Chuma na lehemu havitanuki sawa. Mashine ikipata joto vinavutana, ikipoa vinavutana tena, na kila mvuto unaacha ufa mdogo usioonekana. "Waya hauukati kwa kuukunja mara moja," alisema. "Unaukunja na kuukunjua." Kwa hiyo, aliamini, mashine nyingi za nyanda hizi haziuawi na joto. Zinauawa na asubuhi zetu: baridi ya umande, kisha moto wa kazi, kisha baridi tena.

Imani hiyo ndiyo iliyotupeleka hospitali.

Ilikuwa hospitali ya misheni, upande wa Iringa, juu ya ukingo unaotazama bonde la Usangu. Walikuwa na mtambo mdogo wa maji uliojaza betri, na inveta moja iliyowasha taa na pampu ya chumba cha upasuaji. Mwuguzi mkuu wa chumba hicho, tuliyemwita Sista, ndiye aliyemwita Mkufunzi. Taa ilikuwa imeanza kufifia katikati ya kazi. Wasimamizi wa hospitali waliahidi kufuata neno lake: akisema inveta ni salama, upasuaji uendelee kiangazi chote, akisema si salama, wagonjwa wapelekwe mbali, na wengine wasingefika.

Mwangalizi wa inveta alikuwa mzee wa Kibena aliyeendesha malori miaka mingi. Kila mtu alimwita Dereva. Alitupokea vizuri, "Kamwene, kamwene," akatuonyesha sanduku lake lililong'arishwa kama gari la bwana harusi.

"Ninaitunza," akasema. "Kila nikipata nafasi naipumzisha. Daktari akianza kushona tu, nawasha karabai, nazima inveta, inapumua. Halafu nawasha tena."

Mkufunzi alifumba macho. "Kwa siku mara ngapi?"

"Mara nyingi! Naionea huruma sana. Lori likipanda Kitonga bila kupumzishwa linakufa. Ng'ombe wa plau anapumzishwa. Hata wewe Mkufunzi naona umekaa."

Nilicheka, Mkufunzi hakucheka. Alifungua sanduku, akapima joto la kila transista. Zilikuwa nne, na moja ikifa, sanduku zima limekufa. Tatu zilikuwa sawa. Ya nne, iliyokuwa upande wa ukuta, ilikuwa ya moto kuliko wenzake, na tofauti haikuwa ndogo. Akanitazama. Sote wawili tulifikiri jambo moja: lehemu ya ndani imepasuka, mlango wa kwanza umekuwa mwembamba.

Kabla hajasema lolote, machela ilipita mlangoni. Mama wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya. Nje ukungu ulikuwa mzito, madirisha meupe, bila taa ya umeme pasingeonekana kitu.

Mkufunzi alihesabu haraka kwa kalamu kwenye kiganja. "Litatulia themanini," akaniambia. "Tisini ni hatari. Tuna nafasi."

Kipimajoto kilipanda kama alivyosema. Sabini. Sabini na tano. Kikafika themanini, nikakingoja kisimame. Hakikusimama. Themanini na mbili. Themanini na nne. Sikuwahi kumwona akikosea zaidi ya nyuzi mbili.

Dereva alikuwa amesogea kwenye swichi. "Mkufunzi, tuipumzishe. Dakika mbili tu."

"Ndani kuna mtu amefunguliwa tumbo."

"Karabai ninayo."

"Na pampu utaisukuma kwa karabai? Ondoa mkono."

"Ikifa kabisa je? Utawaambia nini?"

"Ondoa mkono, Mzee!"

Sauti ya Sista ikatoka nyuma ya mlango: "Nyie huko, mnabishana kama mko mnadani! Taa isizime!"

Themanini na saba. Mkufunzi alikuwa amesimama kati ya Dereva na swichi, lakini macho yake yalikuwa ukutani. Aliingiza mkono nyuma ya sanduku, akapapasa.

"Hapa si palikuwa na tundu la hewa?"

"Lipo," akasema Dereva. "Nimeliziba. Upepo wa Juni huu unaingia hadi kwenye mifupa."

Mkufunzi alivuta, likatoka gunia la mahindi limekunjwa na kushindiliwa, na nyuma yake ukaingia upepo baridi uliofanya tukunje mabega. Themanini na nane. Themanini na nane. Kisha, polepole mno, themanini na saba. Tulisimama hapo tukikitazama kipimajoto hadi tuliposikia mtoto analia.

Dereva alikaa chini. "Kumbe nilikuwa nainyonga," akasema.

"Na mimi nilihesabu mto uliozibwa kana kwamba uko wazi," Mkufunzi akajibu. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akigawana kosa na mtu.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa naandika habari ya furaha. Lakini jioni ile ile, kabla ya chakula, Sista alitaka neno lake. Mkufunzi alimweleza habari ya nyufa, ya kupumzishwapumzishwa, na ya transista ya nne. Akasema, saba katika kumi, sanduku hili halitafika kwenye mvua. Transista zote nne zitolewe zingali hai.

"Zinafanya kazi, nawe unataka kuzitoa," akasema Sista.

"Ndiyo."

"Mpya ziko wapi?"

Mpya hazikuwepo. Za kuagiza zingetoka ng'ambo, miezi kadhaa. Katika hospitali nzima palikuwa na transista nyingine nne tu za aina ile, na zilikuwa ndani ya redio ya upepo, ile iliyopokea simu za zahanati za bondeni zinapoomba gari la wagonjwa. Ukiziweka kwenye taa, redio inanyamaza hadi mpya zifike.

Sista alielekeza kidole upande wa chumba cha upasuaji. "Nikuulize kama binadamu, usinijibu kwa kumi zako. Ungekuwa wewe, ungelala kwenye kile kitanda, na hizo za zamani humo ndani?"

"Nisingelala."

"Basi zitoe."

Asubuhi alizitoa, akaweka zile za redio, na za zamani akazichukua. Mikono yake ilikuwa imara. Mimi nilimshikia taa, na niliona ni sawa.

Dereva ndiye aliyetuletea habari. Ilikuwa Agosti, alikuja Mbeya kuchukua betri, akapita Iyunga. Hakuketi. Alisema familia moja ya wafugaji, wale waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini, walikuwa na binti aliyeshikwa na tumbo. Walimfikisha zahanati mapema. Mganga wa zahanati aliita kwenye redio siku nzima. Baba mtu akamfunga binti kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi barabarani, wakangoja lori. Walipofika juu, utumbo ulikuwa umekwisha kupasuka.

"Taa ilikuwaje?" Mkufunzi akauliza.

"Ilikuwa inawaka vizuri sana," akasema Dereva. "Haijafifia tena hata siku moja." Alizungusha kofia mikononi. "Sikuja kukulaumu, Mkufunzi. Nimekuja kuchukua betri."

Transista mpya zilifika, redio ikasema tena. Sanduku la upasuaji halikufa kiangazi kile, wala kilichofuata. Pale hospitali walimsifu: aliona ugonjwa kabla haujaja. Mwanjelwa walisema alibadilisha vitu vizima. Hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote, maana kitu kilichotolewa kabla ya kufa hakiachi maiti. Mkufunzi hakulizungumza. Aliendelea kufundisha, lakini mifereji nyuma ya karakana aliiacha ijae majani, na mwaka uliofuata akastaafu.

Nilimtembelea nyumbani kwake Soweto, hapa hapa Mbeya, vita vya kumtoa nduli vilipokuwa vinaisha, mchana wa Jumapili. Mkewe alinifungulia, akanipokea kikapu cha ndizi. "Ndaga," akashukuru, kisha akapunguza sauti. "Afadhali umekuja. Huyu mzee akiamka, kabla hajaniamkia mimi anawaamkia wale wake wanne."

Walikuwa mezani sebuleni. Bamba la alumini, juu yake transista nne za zamani, betri ya lori, na mashine ya saa ya ukutani aliyoifunga waya ili iunge na kukata umeme yenyewe. Zinapata moto, zinapoa. Zinapata moto, zinapoa. Nilizitambua kwa alama ya kalamu nyekundu aliyoweka kwenye ya nne siku ile.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu Dereva aje."

"Na?"

"Nzima. Zote." Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ileile. "Zimekwisha kupanda na kushuka mara nyingi kuliko ambavyo zingepanda kule hadi mvua. Mara nyingi zaidi. Hiyo yenye alama ni nzima kuliko wenzake."

Nilikaa. Sikuwa na haja ya kuelezwa. Transista ya nne ndiyo iliyokuwa karibu na ukuta, jirani na tundu lililozibwa. Huenda haikuwa na ufa wowote. Huenda moto wake ulikuwa gunia tu. Tulipolitoa gunia, hatukurudi kuipima upya.

"Umeona," akasema.

"Nimeona. Lakini Mkufunzi, ulisema saba katika kumi. Tatu zinaishi. Hizi zinaweza kuwa katika zile tatu. Sanduku moja halithibitishi kitu, ulinifundisha mwenyewe."

"Nilikufundisha, na ni kweli." Alisogeza kiti. "Baba yake yule binti alikuja hapa. Alikaa hapo ulipokaa, na fimbo yake ya kuchungia. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama ile taa ingekufa kweli. Nikamwambia kama ninavyosema siku zote. Akasikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Akasema, 'Mzee, ng'ombe ninao wengi, hesabu ya kumi ninaijua. Huyu alikuwa mmoja.'"

Mkewe aliingia na chai, akaweka vikombe mbali na nyaya, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea.

"Imekufa hata moja?" akauliza.

"Hapana."

"Basi kunyweni."

Mkufunzi hakugusa kikombe. "Kazi yangu yote ilikuwa vitu visife," akaniambia. "Sasa kila asubuhi nikitoka chumbani naomba nikute moja imekufa. Moja tu. Hata hii isiyo na alama."

Mashine ya saa ikagonga, umeme ukaunga. Kipimajoto kikaanza kupanda. Niliinamia meza pamoja naye, na mkewe akaja akasimama nyuma yetu na trei mkononi. Kilipanda sawasawa, kikapunguza mwendo, kikatulia, na kikakaa pale.

"Sabini na moja," akasema. "Ndipo nilipohesabu."